Uzi: Kunyambua vitenzi vya kawaida vya Kiitaliano kwa sikio la Mswahili

Mtoka Gede (mleta uzi)

Wanajukwaa, salamu. Kwa wengi wetu tuliokulia kati ya Malindi na Watamu, Kiitaliano hakikuingia kwa daftari, kiliingia kwa masikio: dukani, ufukweni, na jikoni katika nyumba za wageni. Mtu hujikuta anajua kuuza, kuelekeza njia na kupatana bei, lakini ukimuuliza kwa nini amesema parla na si parli, hana jibu. Nami nilikuwa hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku nilipomwambia mgeni wangu mmoja, mama wa makamo ya bibi yangu, "Senti, aspetta qui", nikidhani ninamwomba kwa adabu anisikilize na angoje hapo. Kumbe nilikuwa nikimwamuru kama anavyoamriwa mtoto anayetumwa chumvi. Hakukasirika; alinirekebisha taratibu, akasema, "Senta, aspetti." Nilichokisikia kilinichanganya zaidi kuliko kunisaidia, kwa sababu irabu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi: penye -i paliingia -a, na penye -a paliingia -i. Nilipokuja kuelewa sababu yake, sehemu kubwa ya sarufi ya vitenzi vya Kiitaliano ilinifungukia, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Kwanza niombe radhi kwa istilahi. Tukisema mnyambuliko katika Kiswahili tunafikiria piga, pigia, pigwa, pigana. Hapa ninalitumia neno hilo kwa maana ya kubadilisha kitenzi kufuata nafsi, wakati na hali. Katika Kiswahili kazi hiyo imegawanywa kwa haki: nafsi hukaa mbele, wakati hukaa katikati, na irabu ya mwisho hueleza iwapo jambo linatajwa tu au linatakiwa litendeke. Watazungumza ni wa-, kisha -ta-, kisha mzizi, kisha -a. Mwitaliano husema parleranno, na mzigo wote huo ameubebesha mkia: parl- ni mzizi, na kinachofuata kinatwambia kwa pamoja kwamba ni wao na kwamba ni wakati ujao. Hata hivyo lugha zote mbili zinafanana katika jambo moja muhimu: nafsi imo ndani ya kitenzi, kwa hiyo kiwakilishi hakihitajiki ila kwa msisitizo. Anayesema io parlo, io mangio, io dormo katika kila sentensi husikika kama anayesema mimi ninazungumza, mimi ninakula, mimi ninalala.

Vitenzi hugawanywa katika makundi matatu kwa kuangalia mwisho wa kitenzi-jina: -are kama parlare (kuzungumza), -ere kama credere (kuamini), na -ire kama dormire (kulala). Ukiondoa mwisho huo unabaki na shina, na juu yake unapachika viishio. Wakati uliopo ni parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano; kisha credo, credi, crede, crediamo, credete, credono; kisha dormo, dormi, dorme, dormiamo, dormite, dormono. Tazama kwamba mimi daima ni -o, wewe daima ni -i, na sisi daima ni -iamo, kundi lolote liwalo. Tofauti ya makundi inaonekana kwa yeye, ninyi na wao tu.

Kundi la -ire lina tawi lake. Capire (kuelewa), finire (kumaliza), pulire (kusafisha) na preferire (kupendelea) huingiza -isc- kati ya shina na kiishio: capisco, capisci, capisce, halafu capiamo na capite bila -isc-, kisha capiscono. Wengi huuliza watajuaje ni kipi kinachoingiza na ni kipi kisichoingiza. Kanuni ya mkato niliyoizoea ni kuangalia konsonanti kabla ya -ire: zikiwa mbili, kama katika dormire, partire, sentire na servire, mara nyingi hakuna -isc-, ikiwa moja, kama katika capire na finire, mara nyingi ipo. Si sheria ya kuapia, kwa maana garantire ina konsonanti mbili na bado ni garantisco. La kutia moyo ni kwamba -isc- huishi katika wakati uliopo peke yake, pamoja na congiuntivo (nitaieleza hivi punde) na amri za wakati huohuo. Ukitoka hapo, capire na dormire hunyambuliwa sawasawa: capivo, dormivo, capirò, dormirò.

Sasa nirudi kwa yule mama. Sisi tunasema anasoma, lakini tunasema nataka asome. Irabu ya mwisho imegeuka kutoka -a kuwa -e kwa sababu kusoma huko hakujatokea, kunatakiwa tu. Waitaliano wana jambo hilohilo na wanaliita congiuntivo. Tofauti yao na sisi ni kwamba irabu inageuka kwa kubadilishana baina ya makundi: vitenzi vya -are, vyenye -a katika parla, huchukua -i, yaani voglio che parli (nataka azungumze), vitenzi vya -ere na -ire huchukua -a, yaani voglio che creda (nataka aamini), voglio che dorma (nataka alale), voglio che capisca (nataka aelewe). Na kwa mtu wa kuheshimiwa, anayeitwa Lei, amri hutolewa kwa umbo hilo la congiuntivo. Aspettare ni wa -are, kwa hiyo aspetta likawa aspetti. Sentire ni wa -ire, kwa hiyo senti likawa senta. Hatuko mbali nao hata kidogo, kwa kuwa nasi tukimwambia rika au mdogo wetu husema ngoja, lakini kwa mtu mzima ulimi wenyewe huteleza kwenye ungoje kidogo, uketi hapa.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kwa kadiri ninavyojua.

Binti Kiwengwa

Ndugu mleta uzi, ahsante sana. Hapa kwetu Unguja wageni wa Kiitaliano ni wengi, na mimi nimejifunza kama ulivyojifunza wewe. Swali langu lahusu mkazo. Nikisema parlano, abitano, telefonano, wageni hunielewa lakini hutabasamu. Kosa liko wapi?

Mtoka Gede

Dada, hilo ni kosa letu sote. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, kwa hiyo tunasema parLAno, abiTAno, telefoNAno. Wao husema PARlano, Abitano, teLEfonano. Njia rahisi ni kuanzia umbo la yeye. Sema PARla, kisha gandisha -no bila kuuhamisha mkazo: PARlano. Sema Abita, kisha Abitano. Kanuni hii inakwenda mbali kuliko inavyoonekana, maana hata katika nyakati nyingine kiishio cha wao hakiusogezi mkazo: parLAva (alikuwa akizungumza) huwa parLAvano, parLASse huwa parLASsero, parleREBbe huwa parleREBbero. Mara nyingi kosa halimo katika umbo la kitenzi. Umelijua umbo, ila umelitamka kwa mdundo wa nyumbani.

Angalia pia vitenzi-jina vya -ere, kwa sababu vimegawanyika. Temere husemwa teMEre, kama sisi tungetarajia, lakini credere ni CREdere, vendere ni VENdere na ripetere ni riPEtere.

Binti Kiwengwa

Nimejaribu mbele ya kioo, na abitano bado inanishinda. Naomba pia utufafanulie wakati uliopita. Mimi nimezoea kusema ho parlato kwa kila jambo, lakini juzi nilisema ho partita nikasahihishwa.

Mtoka Gede

Hapo tumefika mahali patamu. Wakati uliopita wa kila siku, passato prossimo, hujengwa kwa kitenzi kisaidizi na kitenzi cha hali timilifu: -are hutoa -ato, -ere hutoa -uto, -ire hutoa -ito, yaani parlato, venduto, dormito. Kisaidizi huwa ama avere (kuwa na) ama essere (kuwa). Vitenzi vyenye yambwa huchukua avere bila ubishi: ho venduto il pesce, nimeuza samaki. Vitenzi vingi vya mwendo wa kutoka mahali hadi mahali au vya kubadilika hali huchukua essere, pamoja na vyote vya kujirejea kama lavarsi (kujiosha). Usiifanye kuwa sheria ya mwendo wote, kwa maana camminare (kutembea) ni ho camminato. Partire ni kuondoka, kwa hiyo wewe ulipaswa kusema sono partita.

Zingatia ile -a ya mwisho. Ukichukua essere, kitenzi hupatana na mtenda: mwanamume husema sono partito, wanawake husema siamo partite, na kundi lenye wanaume, au wanaume na wanawake pamoja, husema siamo partiti. Hili huwatesa watu wa lugha nyingine, lakini Mswahili amezaliwa ndani ya upatanisho wa kisarufi. Anayejua kwamba kitabu kimeanguka na vitabu vimeanguka hapaswi kushangazwa na il libro è caduto na i libri sono caduti. Ngeli zao ni mbili tu, ya kiume na ya kike. Sisi tunazo nyingi na hatulalamiki.

Upatanisho huo unaingia hata kwenye avere pale yambwa inapotangulia ikiwa kiwakilishi. Ukiulizwa kuhusu vitabu, unajibu li ho venduti, si li ho venduto. Linganisha na nimeviuza: ile -vi- yetu ndiyo li yao, ila wao wameurudia wingi huo mwishoni pia.

Kaka wa Lubumbashi

Mleta uzi, salamu kutoka Kongo. Sisi tuliosoma Kifaransa tunajiona tuna njia ya mkato, na kwa kweli être na avoir zinatusaidia kwa hayo uliyoyaeleza hapo juu. Lakini mimi nimekwama kwenye sentensi za masharti. Kwa Kifaransa husemwa si je parlais, yaani imparfait ya kawaida. Nikitafsiri hivyo kwa Kiitaliano, mwalimu wangu huchora mstari mwekundu.

Mtoka Gede

Kaka, una haki ya kukwama, kwa sababu Kifaransa kinakupeleka upande mmoja na Kiswahili upande mwingine, na Kiitaliano hakiko kwa yeyote kati yao.

Kiswahili hutumia alama ileile pande zote mbili: ningezungumza vizuri zaidi, ningeuza zaidi. Kwa hiyo Mswahili husema parlerei meglio, venderei di più akiweka condizionale, yaani umbo lao la -nge-, mara mbili, jambo ambalo sikio la Mwitaliano haliwezi kulivumilia. Hata wao kwa wao husahihishana vikali wakimsikia mtu akisema se avrei, yaani condizionale baada ya se (kama). Mtu wa Kifaransa naye husema se parlavo, kwa imperfetto, wakati uliopita wa kuendelea. Sarufi ya maandishi inataka congiuntivo imperfetto kwenye sharti na condizionale kwenye matokeo: se parlassi meglio, venderei di più. Kwa jambo lililokwisha kupita bila kutokea, lile la -ngali- yetu, pande zote huingiza kisaidizi: se avessi parlato meglio, avrei venduto di più, ningalizungumza vizuri zaidi, ningaliuza zaidi. Niongeze kwamba katika mazungumzo ya mitaani utawasikia Waitaliano wakisema se parlavo meglio, vendevo di più kwa maana hiyohiyo ya -ngali-. Ukikisikia, usikishangae, lakini usikiandike kwenye mtihani.

Viishio vya congiuntivo imperfetto ni vya kawaida mno: parlassi, parlassi, parlasse, parlassimo, parlaste, parlassero, badilisha -a- iwe -e- upate credessi, au -i- upate dormissi. Condizionale ni parlerei, parleresti, parlerebbe, parleremmo, parlereste, parlerebbero. Tazama kwamba parlare imebadilisha -a- yake kuwa -e-. Ndivyo inavyofanya pia katika wakati ujao, parlerò, parlerai, parlerà, parleremo, parlerete, parleranno. Credere na dormire hubaki na irabu zao: crederò, dormirò.

Mzee wa Ngomeni

Wanangu, mmeifanya kazi nzuri, na mimi nitie kijiti changu. Nilifanya kazi na Waitaliano ujanani, na mmoja wao aliyekuwa mpenzi wa Kilatini alinieleza kwamba ile parlerò si kiishio cha asili bali ni maneno mawili yaliyogandana, kitenzi-jina pamoja na ho, ninacho: parlare ho, nina la kuzungumza. Ndiyo maana mwisho wa wakati ujao unafanana na kitenzi avere: ho, hai, ha, hanno zimo ndani ya -rò, -rai, -rà, -ranno. Nilicheka, nikamwambia kwamba na sisi -ta- yetu ni kitenzi taka kilichokatwa mkia, na ushahidi wake bado upo tunaposema atakayezungumza, ambapo taka imerudi nzima. Wao waliujenga wakati ujao kwa kuwa na, sisi kwa kutaka.

Mtoka Gede

Shikamoo mzee, na ahsante. Hilo la -taka- nilikuwa nikilitumia kila siku bila kuliona. Condizionale nayo imejengwa vilevile, ila kwa umbo lililopita la kitenzi hichohicho cha Kilatini, na ndiyo sababu shina la parlerò na la parlerei ni moja. Ukijua moja umejua zote mbili.

Kuhusu passato remoto, wakati uliopita wa mbali, sitakaa sana. Ni parlai, parlasti, parlò, parlammo, parlaste, parlarono. Dormii, dormisti, dormì, dormimmo, dormiste, dormirono. Na credere ina njia mbili kwa mimi, yeye na wao, credei au credetti, credé au credette, crederono au credettero. Utaikuta kwenye riwaya na vitabu vya historia. Kaskazini mwa Italia watu hawaitumii katika mazungumzo ya kawaida, lakini kusini, hasa Sicilia, utaisikia hata kwa jambo la asubuhi hii. Tatizo lake ni kwamba vitenzi vingi vya -ere havifuati kanuni hapo wala katika umbo la -uto: leggere ni lessi na letto, scrivere ni scrissi na scritto. Vilivyo vya kawaida kabisa ni vichache, kama vendere, temere, ripetere, ricevere na battere, na ndiyo sababu ninapofundisha ninapenda kutumia vendere kuliko leggere.

Imperfetto, kinyume chake, ni rafiki wa kila mtu: parlavo, credevo, dormivo, na viishio ni vilevile kwa makundi yote. Ni ile nilikuwa nikizungumza yetu, au mazoea ya zamani. "Dormivo quando hai telefonato" ni nilikuwa nimelala ulipopiga simu: usingizi ni mandhari, simu ni tukio.

Binti Kiwengwa

Nimeelewa. Lakini nina shaka kuhusu congiuntivo. Umesema ni kama -e yetu. Mbona mgeni wangu alisema penso che dorma, na mimi kwa Kiswahili ningesema nadhani analala, si nadhani alale?

Mtoka Gede

Umenishika pazuri, dada. Ulinganisho wangu unafika mahali unakoma. Kiswahili huweka -e kwenye kutaka, kuomba, kulazimu na kusudi. Kiitaliano huweka congiuntivo hapo, kisha hupanuka kwenye kudhani, kuamini na kutumaini: penso che dorma, credo che parta domani, spero che capiate. Sisi hapo tunasema analala, ataondoka, mtaelewa, kwa sababu kwetu dhana hutajwa kama habari ya kawaida. Kwa hiyo -e itakusaidia nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni kukumbuka kwamba Mwitaliano anaposema kuwa anadhani, anataka kitenzi kinachofuata kionyeshe kwamba yeye hakithibitishi.

Jambo jingine ni kwamba mimi, wewe na yeye wana umbo moja katika congiuntivo iliyopo: che io parli, che tu parli, che lui parli. Hapa ndipo kiwakilishi tulichokifukuza mwanzoni kinarudishwa kwa heshima. Sisi ni parliamo, umbo lilelile la wakati uliopo, ninyi ni parliate, wao ni parlino, kwa mkazo wa PARlino.

Na usisahau amri ya kukanusha kwa wewe, ambayo haifuati lolote kati ya hayo. Sisi tuna usizungumze, yenye -e; wao huchukua kitenzi-jina kizima: non parlare, non credere, non dormire. Kwa Lei hurudi kwenye adabu: non parli, non creda, non dorma.

Kaka wa Lubumbashi

Nimeandika sentensi tatu usiku huu, naomba unisahihishe. Ya kwanza: "Voglio che tu paghi." Ya pili: "Se vendessi la casa, partirei." Ya tatu, nikimaanisha kwamba tungekuwa na muda tungezungumza zaidi: "Se avessimo tempo, parleremo di più."

Mtoka Gede

Ya kwanza ni sahihi, na nimefurahi kuona umeweka h kwenye paghi. Bila hiyo, g ingelainika kabla ya i. Ni hivyo kwa cercare pia, cerchi na cercherò, ilhali mangiare hufanya kinyume na kuiangusha i yake: mangi, mangerò. Ya pili haina doa. Ya tatu umeielewa vema, ila umeandika parleremo, ambayo ni tutazungumza. Tungezungumza ni parleremmo. Kwa sikio letu, lisilozoea kurefusha konsonanti namna hiyo, maneno hayo mawili ni mapacha. Jaribu kuufumba mdomo kwenye m na kuushikilia kidogo kabla ya kuuachia. Ongeza m moja, kisha utume nyingine tatu kesho.